Shajara ya mradi: nyumba ya Keshero, kufunga na kufungua

Machi, mwanzoni

Ba mama wa likirimba (kikundi chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu) wananiuliza kila mara "Mama Neema, antivole (vyuma vya madirisha vya kuzuia mwizi) imefika wapi?", na mi nachoka kueleza mmoja mmoja, basi nitakuwa naandika hapa kila hatua ikipigwa, anayetaka kufwata afwate, anayetaka kucheka acheke pia.

Nyumba ni ile ile ya Keshero, hapa Goma, semi-dirable, chini mawe ya volkano mpaka kiunoni, kutoka pale mbao mpaka kwenye tole (mabati). Chumba kimoja tu cha katikati njo kina ukuta wa mawe mpaka juu, aliyejenga alikuwa na mawazo yake. Ndani tuko mimi, Koko (mama wa mume wangu), watoto wanne na mdogo wangu anayesoma univerisite. Papa Neema anafanya kazi upande wa Butembo, anakuja akipata njia. Mashine zangu mbili za kushona mchana ziko kwenye baraza, usiku zinaingia salon (sebuleni).

Sababu ya kuanza sasa ni pesa. Tangu banki zifungwe hapa Goma Januari 2025, kila mtu anajua pesa ya mwenzake iko wapi: iko kwenye telefone ao iko chini ya godoro. Wateja wangu wengi wanalipa mkononi, na mwizi hana haja ya kupeleleza sana, anaona nguo za harusi zinatoka kwangu Ijumaa jioni, anapiga hesabu. Kwenye avenyu yetu wameshaingia nyumba za watu, na hawapiti mlangoni, wanapita nyuma, wanapasua mbao mbili taratibu ao wanakunja tole pale pembeni misumari imelegea, mlango wa mbele na kadena (kufuli) yake kubwa unabaki unaangalia tu.

Sasa shida ya Goma ni kwamba huu ni mji ambao usiku wowote unaweza kuamshwa ukaambiwa toka. Mwizi anataka ufunge, volkano inataka ufungue, moto nao unataka ufungue ndani ya dakika moja, na risasi inataka ukae humo humo usisogee. Ukisikiliza moja peke yake unaharibu nyingine. Kwa hiyo mradi nimeuandika kwa mstari mmoja kwenye kaye (daftari) yangu ya vipimo, juu ya kipimo cha gauni la mtu: mwizi achelewe kuingia, sisi tusichelewe kutoka.

Siku ya mvua, hesabu na Koko

Mvua ilinyesha mchana kutwa, hakuna mteja, nikakaa na Koko tukahesabu mambo ambayo yameshatukuta, siyo yale ya kuwaza.

Koko mwaka 2002 alikuwa anakaa Mapendo. Tarehe 17 Januari lava iliingia mjini ikapita katikati ya kartie (mitaa) ikaenda mpaka ziwani, ikala na kipande cha uwanja wa ndege. Anasema ile iliwapa watu muda wa kutembea, alitoka na godoro kichwani mpaka Gisenyi. Lakini aliambiwa na wakubwa wake kwamba ile ya tarehe 10 Januari 1977 haikumpa mtu muda, ziwa la moto la Nyiragongo lilimwagika chini ya saa moja likashuka mlima mbio, vijiji vya kule juu watu walikutwa njiani. Kwa hiyo mtu akikuambia "lava inaenda pole" mwulize ya mwaka gani.

Ya 2021 mi mwenyewe nilikuwepo. Jumamosi tarehe 22 Mei, jioni, mbingu ikawa nyekundu, na hakuna aliyetutangulia kututangazia, kila mtu alitoka kwa macho yake. Lava ilikata barabara ya Rutshuru ikasimama kule Buhene, tukarudi tukidhani imeisha, alafu ardhi ikatetemeka siku baada ya siku mpaka barabara zikapasuka, na Alhamisi tarehe 27 wakatangaza kartie 10 zitoke. Keshero haikuwemo kwenye orodha lakini nani alibaki? Barabara ya Sake ilijaa watu, mavelo, machukudu (yale ya mbao ya kubeba mizigo), mbuzi. Watoto walipotea njiani tangu usiku wa kwanza. UNICEF ilisema kesho yake, baada ya usiku ule wa lava, watoto zaidi ya 150 walikuwa wametenganishwa na wazazi wao. Nimelipigia mstari hilo, nitarudi kwake.

Koko aliongeza na ya Januari 2025, siku vita ilipoingia mjini. Hatukutoka popote. Tulilala chini kwenye chumba cha katikati, maji hakuna, umeme hakuna, bidoni mbili tu za maji na watu saba.

Hesabu yetu njo hiyo. Tetemeko, lava, risasi, mwizi, moto, na mazuku (hewa ya sumu inayotoka ardhini) ambayo Koko aliikumbuka mwishoni kabisa wakati njo iko karibu kuliko zote.

Sudere

Sudere (fundi wa kuchomelea vyuma) amekuja kupima madirisha. Kijana mzuri, kazi yake safi, lakini alitaka kufunga madirisha yote kwa fero betoni (nondo) isiyofunguka, anasuda moja kwa moja, kwisha.

"Fundi, hii ya chumba cha watoto ifunguke."

"Mama Neema, antivole inayofunguka siyo antivole, hapo unamtengenezea mwizi mlango."

"Na moto ukianzia salon, hawa watoto watapitia wapi, kwenye tole?"

Akanyamaza akaangalia tole. Tulibishana karibu asubuhi nzima, mpaka Koko akaleta chai. Mwisho tulikubaliana hivi: dirisha la nyuma la chumba cha watoto, ambalo liko mbali na mlango wa mbele na mbali na jiko, kipande cha sentimita 60 kwa 80 kifunguke kwa ndani. Nilimpimia mabega ya mdogo wangu kwa mita yangu ya ushonaji, juu yeye njo mpana kuliko wote, akipita yeye tunapita wote. Sharniere (bawaba) zikae ndani, siyo nje, juu zikiwa nje mwizi anapiga pini kwa nyundo na msumari, antivole yote inamwangukia mikononi bila kugusa kadena. Hilo sudere alilijua, nampa haki yake.

Kadena ya hicho kipande nilienda kuchagua Birere. Kidokezo kwa wanaonunua: zile za bei ya chini zinatoka katoni moja na wakati mwingine ufunguo mmoja unafungua tatu nne za ndani ya katoni hiyo hiyo. Usione haya, chukua ufunguo wa ile unayotaka ujaribu kwenye zingine mbele ya mwenye duka, atakasirika kidogo lakini utajua. Mimi ya pili ilifunguka. Nikanunua ya dola 7 kwenye duka lingine, nzito, na nikaitia mafuta ya cherehani, ndani inateleza vizuri.

Sasa ufunguo. Huu unakaa kwenye msumari wake, siyo kwenye mfuko wa mtu, siyo chini ya mto. Msumari uko chini ambapo Neema wa miaka tisa anafika, na uko mbali na dirisha kiasi kwamba mtu wa nje hawezi kuuvuta kwa fimbo. Tumejaribu: mdogo wangu alienda nje na mti wa ufagio, akafunga waya umepinda mbele, akaingiza kwenye antivole akawa anavua kama mtu wa Kituku, kule ziwani. Mara ya kwanza aliupata. Tukasogeza msumari nyuma ya kabati, hakuupata tena. Jirani yetu Papa Blaise alikuwa anapita akaona mtu anachokonoa dirisha letu mchana kweupe, akapiga kelele, na hiyo kelele ilinifurahisha sana, juu ina maana macho yapo.

Nyuma ya nyumba kazi ilikuwa ndogo: misumari ya mbao tumeipiga ipite mpaka ndani alafu tukaikunja, tole za pembeni zimeongezewa misumari, na chini ya madirisha yote tumemwaga kokoto za volkano, zile ba mama wanaponda kwa nyundo pale barabarani. Kiroba kimoja cha kokoto ni bei ndogo na usiku hakuna anayeweza kuzikanyaga bila kusikika, hata paka. Taa ndogo ya sola inayowaka yenyewe mtu akipita nayo ipo, lakini nikiulizwa nichague kimoja nachagua kokoto. Kokoto haziishi chaji.

Moto wa avenyu ya pili

Nyumba ya mbao imewaka avenyu ya pili. Umeme ulikuwa umekatika, mshumaa ulisimamishwa juu ya bidoni ya plastiki, watoto wakalala, mengine mnajua. Nashukuru Mungu wote wametoka, lakini vile walivyotoka nataka kuandika.

Mlango ulikuwa umefungwa kwa kadena kwa ndani. Ufunguo baba aliuweka mahali pazuri sana, na kwenye moshi hakupakumbuka. Alipasua mbao za ukuta kwa mguu, hakuwa na shoka ndani. Ukuta wa mbao ulimsaidia, ungekuwa wa blok angefanya nini? Wakati huo vijana walikuwa wanabomoa jiko la jirani yake, na mwenye jiko analia, lakini kwa nyumba za mbao zilizobanana namna hii ukikata njia ya moto mapema unaokoa avenyu nzima. Gari la kuzima moto kwenye vijia vyetu vya mawe hata likija litasimama mbali.

Tuliyobadilisha kwetu baada ya hapo:

Mshumaa hautumiki tena ndani, ni torshi na taa za sola. Ukilazimika, mshumaa unakaa ndani ya sahani yenye mchanga, chini, mbali na pazia na vitambaa vyangu, na mimi niko na vitambaa kila kona. Ndoo mbili za mchanga wa volkano, moja jikoni moja baraza, mchanga hauozi na mafuta yakishika moto kwenye sufuria usimwage maji, funika na mfuniko. Umeme ukitoa cheche unakata kwanza kule kwa dijonktere (swichi kuu), njo unamwaga kitu. Shoka ndogo iko ndani karibu na mlango wa chumba changu. Na ile bidoni ya esansi (petroli) ya pikipiki ya mdogo wangu, aliyonunua kwa kadafi (muuza mafuta wa barabarani) na kuiweka chini ya kitanda ati nje wataiba, imetoka siku hiyo hiyo. Alibisha. Koko akamwambia kilichotokea 2002 siku chache baada ya lava, pale watu walipoenda kuchota mafuta kwenye stasio lava bado ina moto, ikalipuka na makumi ya watu wakafa. Mafuta sasa yako kwenye kibanda cha nje, yanafungwa, na kama yataibwa yaibwe.

Baridi, mbabula na shimo

Aprili mvua imezidi na kule kwetu usiku ni baridi kweli, na mtu wa kwanza kuomba mbabula (jiko la makaa) iingie chumbani ni Koko. Nimekataa, na hili njo limeleta maneno kuliko antivole.

Nielewe mtu anayesoma: mi nimeziba nafasi zote kati ya mbao na mabaki ya vitenge, vizuri, upepo hauingii, mwizi hachungulii. Lakini nyumba iliyozibwa hivyo ukiweka makala (makaa) yanayowaka ndani, ule moshi wa makala usioonekana, usio na harufu, unajaa. Kichwa kinauma kidogo, unaona usingizi, unalala, na hauamki. Makala yakiwa mekundu bila moshi mweupe watu wanadhani yameiva hayana shida, ni kinyume. Kwa hiyo tumeacha wazi kipande chini ya tole pande zote mbili, kirefu cha mkono, chenye waya, na mbabula inalala nje. Koko nimemshonea koti la ndani la flaneli, akanuna siku mbili tatu, sasa analivaa hata mchana.

Mazuku. Jirani wa chini anachimba choo kipya, kwenye mawe haya kuchimba ni kazi ya miezi, na asubuhi moja amekuta ndani ya shimo mijusi imekufa na kuku wake mmoja. Kijana mchimbaji alitaka kushuka na mshumaa aone, akisema ukiwaka hewa ni nzuri. Koko alimshika shati. Hiyo hewa inatoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia mahali pa chini hasa usiku na alfajiri bila upepo, na upande wetu huu wa magharibi mpaka Lac Vert na Mugunga njo kwake. Mshumaa ukizimika umeonywa, sawa, lakini mshumaa kuwaka hakumaanishi uko salama, mtu anaweza kuzidiwa kabla mwali haujazimika. Na mtu akianguka ndani usimfwate, juu hapo njo wanakufa wawili watatu, kila mmoja anashuka kumtoa mwenzake. Waliziba shimo kwa mbao na tole mpaka jua litoke na upepo upige, na mchimbaji sasa anafanya kazi na kamba kiunoni na mtu juu.

Kwa mradi wetu mazuku imebadilisha kitu kimoja kikubwa. Nilikuwa nimechagua mahali pa kukutana ikiwa tumetoka mbio, ule uwanja mpana nyuma ya parseli ya Papa Blaise, uko wazi, hauna nyumba ya kuanguka, watoto wanaupenda. Lakini uko kwenye bonde. Alfajiri ya saa kumi na watoto wamekaa chini wanasubiri? Hapana. Mahali pa kukutana sasa ni pale juu kwenye robine (bomba la maji), karibu na ukuta wa kanisa lakini siyo chini ya ukuta, juu tetemeko nalo lipo.

Mafilimbi

Shefu wa nyumba kumi ameitisha mkutano baada ya salongo (kazi ya pamoja ya kartie). Watu wamechanga, mafilimbi yamenunuliwa, kila nyumba moja. Makubaliano: milio mifupi mifupi ni mwizi, mlio mrefu usiokatika ni moto, sufuria zikigongwa pamoja na filimbi ni kutoka wote. Mtu akisikia ya mwizi anawasha taa zake zote na kupiga na yake, hatoki nje peke yake. Kutoka ni kwa pamoja.

Kuna grupu ya WhatsApp pia. Siku za kwanza ilikuwa vurugu, watu wanaleta sauti za 2021 wanasema ni leo, mwingine analeta picha ya moto wa mji usiojulikana, usiku hatulali. Sasa wanaoandika ni shefu na ba mama wawili tu, na mambo ya volkano hatupokei ya mtu, tunasikiliza radio na tunaangalia rangi ambayo OVG (wachunguzi wa volkano wa Goma) imetangaza, kijani, njano, rangi ya chungwa ao nyekundu. Njano siyo ya kukimbia, ni ya kuwa tayari, hapo begi linashushwa kutoka kabatini linawekwa mlangoni. Watu wanauliza "kwani njano ni nini" kila mara, nimeiandika kwa mkono nikaibandika kwenye robine.

Alafu ikatokea hii. Usiku mmoja filimbi fupi fupi zimelia kwa juu, vijana wakatoka, wakamkamata mtoto wa watu, labda miaka kumi na saba, ana kiroba mgongoni. Kwenye kiroba mlikuwa na makala. Alikuwa ametumwa, amechelewa, anapita njia ya mkato. Walikuwa tayari wamempiga mawili matatu na kuna mtu kwa nyuma anauliza tairi iko wapi. Hapa Goma mnajua tairi ni ya kumchoma mtu. Papa Blaise, yule yule wa dirishani, alikaa katikati akafungua mikono, akasema "muniue mimi kwanza," na kwa sababu ni mzee na amewafundisha nusu yao, wakapoa.

Kesho yake tumekutana tena na mi nimesema wazi kwamba kama filimbi yangu itaua mtoto wa mwenzangu basi naitupa ziwani. Sheria imeongezwa: anayekamatwa hapigwi, anakaa chini, shefu anaitwa, anapelekwa. Vijana wamekubali mbele ya wazee, wengine kwa mdomo tu, hilo tutaona. Sitaki kudanganya kwamba limeisha.

Pindo

Sasa kazi ninayoijua mwenyewe.

Ule mstari wa watoto wa 2021. Neema namba yangu anaijua kwa moyo, anaiimba, wa pili pia, lakini kadogo wa miaka mitatu anajua tu kusema "Mama". Watu wanaandika namba kwenye mkono wa mtoto kwa biki, kwa mvua inafutika, na wakati wa kukimbia nani anatafuta biki. Nimekata vipande vya pamba nyeupe, upana wa vidole viwili, nikatarizi namba kwa mashine, uzi mweusi, alafu nikashona kila kipande ndani ya pindo la nguo, upande wa ndani wa kiuno. Namba mbili: yangu na ya shangazi yao wa Bukavu, juu tukipotea wote Goma, wa Goma hawatasaidiana, lazima mmoja awe mbali. Tarakimu 8 ni ngumu kwa mashine ya mguu, inatoka mara 3 mara 0, nimeitarizi kwa mkono. Nilifua kipande cha majaribio na sabuni ya mche, nikakisugua kwa jiwe, nikakianika, kinasomeka.

Jina la mtoto sikuliweka. Papa Neema kwa simu aliuliza kwa nini, nikamwambia mtu mbaya akisoma jina akamwita mtoto kwa jina lake, mtoto atadhani anamjua. Namba inatosha kwa mtu mwema, ana telefone atapiga. Na watoto wana neno letu la nyumbani, mtu yeyote akija shuleni ao mlangoni kusema "Mama amenituma nikuchukue" lazima alitaje, hata akiwa mjomba. Nililijaribu: nilimtuma mdogo wangu akamwite Neema bila neno. Neema alikataa kutoka darasani, mwalimu akacheka, mdogo wangu alirudi na hasira.

Ba mama wa likirimba wameona mapindo, sasa kila mmoja anataka. Nafanya kwa bei ya uzi tu, leteni nguo zimefuliwa tafadhali.

Begi la kutoka nalo liko tayari, jepesi, Koko alitaka kuweka sufuria nimeitoa. Mna nakala za karte elektere (kadi za mpiga kura) na vyeti vya kuzaliwa kwenye mfuko wa plastiki ulioyeyushwa mdomo kwa kisu cha moto, dawa za Koko za presha, torshi na batri, radio ndogo, biskuti, vidonge vya kusafisha maji, kitenge kimoja kikubwa ambacho kinafunga mtoto, kinatandikwa, kinafunika, na pesa ya njiani, kidogo, noti ndogo ndogo za franka. Maji ni bidoni za lita 20, zinajazwa na zinabadilishwa, nne sasa badala ya mbili.

Na pesa ya mwizi. Hiyo iko kando, kwenye droo ya mashine, siyo nyingi siyo kidogo. Akiingia na silaha anapewa hiyo pamoja na telefone ya kale, hakuna anayebishana, hakuna anayemwangalia usoni. Mashine inanunuliwa tena. Hilo mdogo wangu nalo alilibisha, kijana anataka kupigana, Koko amemwapisha.

Majaribio ya usiku

Nimewaamsha usiku bila kuwaambia siku. Nilipiga filimbi mrefu nikazima umeme.

Neema alienda moja kwa moja kwa msumari, akafungua kadena gizani, mafuta ya cherehani yamefanya kazi. Mdogo wangu alipita dirishani, mabega yaligusa lakini alipita. Wa pili alitoka na kuku. Hakuna aliyemwambia habari ya kuku, na alipoulizwa alisema kuku hajui kufungua kadena, sikuwa na jibu.

Koko njo mwenye shida. Dirishani hawezi. Mlango wa mbele ni mbali na chumba chake, na salon ina mashine mbili gizani. Hapo tumehamisha Koko, amechukua chumba cha karibu na mlango na mimi nimechukua chake, na mashine zinasukumwa ukutani kila jioni, njia ya katikati inabaki wazi hata kama kuna kazi ya haraka. Mlango wa mbele wenyewe kwa ndani hauna kadena tena, una komeo mbili za chuma, juu na chini, unazifungua kwa kidole gizani, kadena inafungwa kwa nje tu tukitoka wote.

Chumba cha katikati cha mawe nacho tumekijaribu, kwa ajili ya risasi. Mbao hazisimamishi kitu, risasi inapita ukuta wa mbao inatoka upande wa pili, siku zile za Januari watu walikufa wamelala vitandani. Kwa hiyo tukisikia milio: chini, chumba cha mawe, mbali na mlango, godoro la Koko upande wa dirisha, hakuna anayechungulia, hakuna anayepiga video. Maji na ndoo ya kujisaidia vinakaa humo siku zote, Koko amevizoea, watoto wanaona haya ya ndoo.

Mei, mpaka hapa

Yaliyobaki. Sudere arudi kupunguza fero moja ya antivole, inagusa mbao ikinyesha juu mbao inavimba, na kadena ikikwama siku ya mvua kazi yote ni bure. Chumba changu kipya hakina dirisha linalofunguka, namlipia nusu sasa nusu zamu yangu ya likirimba ikifika. Shefu ameomba nyumba zote kumi zifanye majaribio siku moja, tunatafuta siku ambayo siyo ya soko wala ya misa ya asubuhi, na kwanza tupite nyumba kwa nyumba kuwaambia wagonjwa na wazee wasije wakashtuka. Nyumba mbili hazijachukua filimbi zao, ziko kwangu, waje wachukue jioni. Na yule mwenye choo, mfuniko wa mbao umeanza kuoza, Papa Blaise ana tole ya zamani, nimeshamwambia aipeleke.